Pesa yake tofali, yangu unga

Nyumba yetu ya Kigamboni ina bahasha yake. Ni bahasha ya kaki iliyovimba mpaka haifungiki, na ndani yake zimo risiti za saruji, nondo, kokoto, mbao, bati, vigae na mabomba, kuanzia mfuko wa kwanza wa saruji hadi kitasa cha mlango wa mbele. Karibu zote zina jina la mume wangu. Mtu asiyetufahamu akizisoma ataapa kwamba nyumba hii imejengwa na mtu mmoja.

Wengi wetu Dar es Salaam hatujengi kwa mkopo wa benki. Sheria maalumu ya mikopo ya nyumba ipo tangu 2008, lakini mkopo wenyewe umebaki wa wachache, kwa sababu unadai hati, mshahara ulionyooka na moyo wa kuvumilia riba. Sisi wengine tunajenga kwa mshahara wa mwezi, kwa kikoba, kwa upatu, kwa pesa ya likizo. Mwaka huu msingi, mwakani boma, kisha boma linasimama bila paa mpaka nyasi zinaota sebuleni na jirani anafunga mbuzi wake kwenye chumba ulichokusudia kulala.

Ujenzi wa namna hii lazima watu wagawane majukumu. Mshahara wa mume wangu ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wangu, tukakubaliana wake uende kwenye kiwanja, wangu ubaki nyumbani: kodi ya vyumba tulivyopanga, chakula, ada, nauli, umeme, dawa mtoto akiugua. Ulikuwa mgawanyo wa busara na leo ningeukubali tena, maana pesa ikitawanywa huku na kule haipandishi ukuta. Ila tazama kilichozipata pesa hizo mbili. Ya kwake ikawa tofali. Tofali linaonekana, linahesabika, fundi analipiga picha na kulituma kwenye simu. Ya kwangu ikawa unga, ikaliwa, sufuria zikaoshwa, kesho yake tukaanza upya. Nani anatunza risiti ya mchicha?

Na zipo kazi ambazo hata wenye pesa hawazikumbuki. Tofali na zege haviachwi vikauke kwa jua kama nguo. Vinataka maji, kwa uchache siku 7 mfululizo, na zege halifikii nguvu yake iliyokusudiwa mpaka lifikishe kama siku 28. Kumwagilia hakuna fundi maalumu. Anamwagilia aliyepo, na kwetu waliokuwepo ni mimi, watoto wakitoka shule, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa akiishi nasi. Ndoo kichwani, asubuhi kabla jua halijachoma na tena jioni. Ukiona ukuta wa mtu umejaa nyufa, usikimbilie kumlaumu fundi peke yake. Uliza nani alimwagilia.

Kigamboni maji hayo yana mambo yake. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na fundi wetu alitaka kuchanganyia zege la lenta maji ya kisima cha jirani, kwa kuwa yalikuwa karibu na ya bure. Chumvi ikiingia kwenye zege huila nondo taratibu. Nondo ikipata kutu huvimba, na ikivimba hulipasua zege kutoka ndani. Nyumba inaweza kupendeza miaka kadhaa kabla haijaanza kukudai. Nikakataa, nikaita boza la maji baridi. Fundi akanitazama, kisha akatoa simu.

“Sawa mama, ngoja nimwulize mzee.”

Mzee alikuwa Dodoma. Baada ya Rais Magufuli kutangaza mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia huko, ofisi ya mume wangu nayo ilihama, na nyumba ikaendelea kujengwa kwa simu. Kila uamuzi niliotoa pale kiwanjani ulisafiri kwanza hadi makao makuu ya nchi kuthibitishwa. Hata sinki la jiko! Nilisema likae chini ya dirisha, fundi akapiga simu kumwuliza mtu ambaye tangu tuoane sikumbuki kama amewahi kusugua sufuria. Nampa mume wangu haki yake: alijibu, “Mama amesemaje? Basi fanya hivyo.” Lakini maneno yangu yalianza kushika pale tu yalipotoka mdomoni mwake.

Ramani nayo tuliivutia kamba. Mchoraji alituletea sebule pana ya kupokelea wageni, na jiko ambalo wanawake wawili hawapishani. Mama mkwe, aliyekuwa ahamie nasi, aliiangalia ile karatasi kwa muda, akauliza baraza iko wapi. Yeye ameishi miaka mingi Temeke katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba 6, vitatu kila upande na ukumbi katikati, uani jiko na choo, mbele baraza ambapo mtu anakaa akijua nani kapita, nani mgonjwa, nani kafiwa. “Sasa mimi nitasalimiana na geti?” akasema. Tukaimega sebule, baraza ikapatikana na jiko likapumua. Wageni wanatoshea vizuri tu.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye siku ya kununua kiwanja, maana ndiko kwenye kiini cha haya. Tulinunua kabla Daraja la Nyerere halijafunguliwa Aprili 2016, enzi ambazo kwenda Kigamboni ni kupanga foleni ya pantoni pale Feri. Mauziano yalifanyika ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Muuzaji alikuja peke yake. Mwenyekiti akamrudisha nyumbani akamlete mkewe, kwa sababu bila saini ya mke, alisema, mauziano hayo yana kesi ndani yake. Alifanya vizuri sana. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Yule mama akaja na khanga yake, akasoma, akasaini. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile lile, mita moja kutoka mezani, na nusu ya pesa iliyohesabiwa ilitoka kwenye kikoba changu. Hakuna aliyeniuliza jina langu.

Kwa hiyo tunamkumbuka mke wakati ardhi inaondoka mikononi mwake, na tunamsahau wakati inaingia. Nimewauliza wenzangu wengi tangu siku ile, na simulizi zao hazitofautiani sana na yangu. Hata bati, nililolinunua kwa gawio lote la kikoba, lina jina la mume wangu kwenye risiti, kwa sababu ndilo jina lililokuwa kwenye daftari la wateja la muuza duka. Hakukuwa na hila yoyote. Mambo yamejipanga hivyo, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko hila, maana mwenye hila unaweza kumkamata.

Mtu atasema sheria inamlinda mke hata kama jina lake halipo. Ni kweli. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwemo, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Uamuzi huo ni mkubwa na bado unanukuliwa mahakamani. Lakini wanaounukuu mara nyingi huacha kusema kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba, kwa sababu ya fedha alizokwisha kupewa na mumewe. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inautambua mchango wa kazi ya mwanandoa ambaye jina lake halimo kwenye hati. Haki hizo zipo. Tatizo ni kwamba unazidai ukiwa umeachika au umefiwa, ukiwa na nauli ya kuokoteza, mbele ya shemeji wenye bahasha ya risiti. Jina kwenye karatasi halihitaji wakili.

Nilipolitoa jambo hili la jina kwa mume wangu, hakulipokea vizuri. Aliuliza kama ninamwandalia kifo. Hilo ndilo jibu la wanaume wengi, na silibezi; mtu aliyejinyima soda miaka kadhaa ili anunue nondo anaona umemwambia hatoshi. Hatukununiana, ila tulikula kimya kimya kwa muda. Aliyesema neno lililosogeza mambo ni mama mkwe, akiwa barazani, kama anayejiongelesha: nyumba ya Temeke aliyoizungumzia siku zote kama kwao, alikuwa ameichotea maji ya udongo tangu siku ya kwanza, na baba mkwe alipofariki alikaa ndani yake kwa hisani ya shemeji zake. Mume wangu alikulia humo na alikuwa hajui.

Maombi yetu ya hati yamepelekwa yakiwa na majina mawili. Kiwanja kinapimwa, hati inasubiriwa, inafuatiliwa, kama kawaida ya hati.

Wewe unayejenga, usingoje mpaka upaue. Leo jioni toeni ile karatasi ya mauziano kabatini, isomeni wote wawili, na kama ina jina moja, rudini serikali ya mtaa mkaulize namna ya kuiongezea la pili kabla ya kupeleka maombi ya hati. Na ninyi wenyeviti wa mitaa, hongereni kwa kumwita mke wa muuzaji. Siku hiyo hiyo, kwenye benchi hilo hilo, mwiteni na wa mnunuzi.