Bastola Isiyokataa

Mwaka jana wezi walivunja nyumba ya jirani yetu hapa Kampala. Baada ya juma moja baba mdogo aliniita akaniambia, "Wewe ni msomi. Nichunguzie ni bastola ipi ya kuaminika kwa kulinda nyumba, nikaombe kibali polisi." Niliifanya kazi hiyo kwa bidii, lakini mwishowe nilimjibu kwamba swali lake lilikuwa na upungufu. Nitaeleza sababu.

Nilianza kwa kulinganisha aina mbili. Ya kwanza ni bastola ya silinda, ambayo kwa kawaida hubeba risasi tano au sita. Matumizi yake ni rahisi: risasi moja isipolipuka, ukifyatua tena silinda huzunguka na kuleta nyingine. Ya pili ni bastola ya magazini, kama Glock 17 ya Austria, ambayo magazini yake ya kawaida huchukua risasi 17. Hii huweza kukwama ganda la risasi lisipotoka vizuri, na mwenye nayo lazima awe amejifunza kuikwamua haraka. Kwa mtu asiye na mazoezi mengi, ya kwanza ilionekana kufaa zaidi. Ningeweza kuishia hapo.

Lakini nilijiuliza: kuaminika maana yake nini? Tunaposema bastola ni ya kuaminika, tunamaanisha kwamba haikatai amri. Rafiki mwaminifu hayuko hivyo. Akiona unakosea, hukushika mkono. Bastola nzuri hutii woga wa mtu sawasawa na inavyotii akili yake.

Alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, mjini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kwenye mlango wa choo uliofungwa. Alisema alidhani ndani mna mwizi. Aliyekuwemo ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp, naye akafa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Rufaa ya Afrika Kusini ilimtia hatiani kwa mauaji, ikieleza kwamba hata kama hakujua ni nani yuko nyuma ya mlango, alijua kuwa mtu huyo anaweza kufa. Silaha ilifanya kazi yake barabara, na risasi zote nne zilitoka.

Wapo watakaouliza: mwizi akija na panga, tukae tukimsubiri polisi? Hoja hii ni nzito. Mzazi ana haki ya kulinda uhai wa watoto wake, na mwenye hofu simcheki. Hata hivyo, haki ya kujilinda haimwambii mtu ni nani aliyesimama gizani. Tena, bastola ikifungiwa kabatini bila risasi, watoto wako salama, lakini mwizi hatangoja utafute ufunguo. Ikilala chini ya mto ikiwa na risasi, iko tayari kwa baba, na iko tayari kwa mtoto pia.

Mimi hutoka chuoni usiku, na mara nyingi hupitia mlango wa nyuma nisiwaamshe wadogo zangu. Nilimwambia, "Baba, kivuli utakachokiona huenda kikawa mimi." Alinyamaza kwa muda mrefu. Jumamosi iliyofuata tulifunga taa nyuma ya nyumba na kutia komeo la chuma mlangoni. Habari ya kibali hajaifuta moyoni mwake, wala mimi sina amri juu yake.

Ninaloamini ni hili: anayetafuta silaha ya kuaminika kwanza ajipime mwenyewe. Akizinduliwa usingizini, gizani, moyo ukimwenda mbio, je, yeye ni wa kuaminika? Bastola ikikwama huweza kukwamuliwa, lakini risasi iliyokwisha kutoka hairudi.