Sitara ya Mlevi

Katika mji ambao mtu akitajwa kwa jina lake moja tu wasikilizaji humjua hadi bibi mzaa baba yake, kumwambia mlevi kwamba kuna kikao atakachoingia bila ya kuulizwa ukoo wala kazi ni kama kumfanyia mzaha. Mitaa ya Ng'ambo ya Unguja haina milango ya siri. Atakaye kikao cha walioacha ulevi itambidi kwanza aulize kilipo, na kuuliza peke yake ni nusu ya kukiri. Ataupita mlango mara ya kwanza kama aendaye sokoni, mara ya pili kama aliyesahau kitu, na mara ya tatu atarudi nyumbani. Kinachomrudisha si khofu ya yatakayosemwa ndani, bali macho ya walioketi barazani upande wa pili wa njia.

Khofu hiyo isidharauliwe, kwani ina asili yake katika mafunzo ya dini. Iko hadithi mashuhuri katika mapokezi ya Bukhari inayoeleza kuwa umma wote hutarajiwa msamaha isipokuwa wenye kujidhihirisha: yule aliyekosa usiku Mungu akamsitiri, naye asubuhi akaifunua sitara kwa kuwahadithia watu alilolitenda. Basi itakuwaje mtu akae mbele ya watu kumi na kutamka kwamba yeye ni mlevi? Je, huko si kujichania sitara kwa mikono yake mwenyewe? Swali hili ni zito, na wanaowahimiza watu kwenda vikaoni aghalabu hulipita mbio.

Kwanza yafaa kutazama ni kipi hasa kilichositirika. Mlevi wa mtaani hana siri. Mkewe anajua, kwa kuwa ndiye amfunguliaye mlango saa nane za usiku. Mwenye duka anajua kwa deni. Watoto wake wanajua, na huko skuli wamekwisha kutiwa lakabu kwa ajili yake. Kila mtu anajua na hakuna amwambiaye, ila akishapita ndipo jina lake hugeuzwa kicheko. Na kunyamaza huku mbele ya uso wake ndiko watu wakuitako sitara. La hasha! Sitara humwachia mkosaji njia ya kurudi, ilhali kimya hiki humwacha palepale alipo. Anachokikosa si watu wasiojua. Anamkosa mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe, kwa ulimi wake, aweza kumwambia.

Tena, ajidhihirishaye asubuhi husimulia ili kosa lake lionekane jepesi. Wa kikaoni husimulia kama mgonjwa amwelezavyo tabibu mahali panapouma. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini walisema pia kuwa aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona yote, naye hatoki nje na habari. Kikao ni mkusanyiko wa waosha, ila hapa kila mwosha naye ni mwoshwa, na pengine hiyo ndiyo dhamana ya siri iliyo madhubuti kuliko kiapo.

Mwanzo wa vikao hivi unalithibitisha jambo hilo. Mwezi wa Mei 1935, katika mji wa Akron, Marekani, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York ambaye shughuli yake ilikuwa imevunjika, alisimama katika ukumbi wa hoteli akiwa karibu na baa, na nafsi ikimvuta. Badala ya kuingia, alikwenda kwenye simu akapigia makanisa, akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Hakumtaka ili amwokoe. Alimtaka ili yeye mwenyewe asinywe. Akaelekezwa, hatimaye, kwa daktari Bob Smith. Tarehe 10 Juni mwaka huo, siku inayohesabiwa kuwa daktari alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo ihesabiwayo kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous. Hatua zao 12 zilichapishwa mwaka 1939, na humtaja Mungu kwa namna kila mmoja amjuavyo, ndiyo maana nyumba za kuwatibu waraibu, zile wenyeji wanazoziita soba hausi, zilipoanza Unguja mwaka 2009, khasa kwa vijana wa unga, ziliweza kuzitumia hatua hizo hizo bila ya kumvua mtu imani yake. Mwaka 2020 mapitio ya tafiti 27, zenye washiriki zaidi ya 10,000, yaliona kuwa njia hii, katika kumdumisha mtu bila ya kunywa, si dhaifu kuliko tiba nyingine zilizokubalika, na mara nyingi huzishinda.

(Hata hivyo, aliyezoea kunywa sana kila siku asiache kwa ghafla kabla ya kuonana na daktari. Mwili uliozoea ulevi huweza kutetemeka, kuweweseka, hata kushikwa na kifafa kinachoua. Kikao hakitibu hayo.)

Patasemwa kwamba tauba ni baina ya mja na Mola wake. Ndivyo. Lakini miongoni mwa sharti za tauba ni kuliacha kosa, na ni hapo penye kuacha ndipo mlevi anapoanguka, si penye kujuta. Majuto anayo kila alfajiri. Kikao hakimsamehi mtu. Kinamsaidia apitishe jioni moja.

Liko zito zaidi. Aliyetubu huhesabiwa kama asiye na dhambi. Kwa nini basi aliyeacha miaka kumi aendelee kujiita mlevi? Wenye vikao hujibu kuwa hilo ni jina la maradhi, kama mwenye sukari asemavyo anapoletewa chai, ijapokuwa vipimo vyake ni vizuri. Jibu hilo lina nguvu, lakini halitoshi. Ulimi ujiitao hivyo miaka ishirini huenda ukamzoesha mwenyewe kukaa ndani ya jina. Anayependelea kusema kwamba alikuwa mlevi aachiwe aseme hivyo, na kikao kitakachomgombeza kwa neno hilo kitakuwa kimesahau kilichomleta.

Mara ya nne, baada ya sala ya isha, yule mtu ataingia. Juu ya mkeka atamkuta mtu ambaye kwa miaka wamesali safu moja, bega kwa bega, asijue lolote juu yake. Watatoleana salamu, na mwenzake atasogea kidogo ampishe nafasi.