Je, Uzuri wa Hoja ni Ushahidi?

Kila kitu tukionacho kina vipimo vitatu: urefu, upana na kimo. Wakati huhesabiwa kuwa cha nne. Walakini wapo wataalamu wa fizikia wasemao kwamba vipimo vya ulimwengu ni 10, na wengine 11. Je, ndugu wasomaji, tuwasadiki?

Wazo hili si la jana. Mwaka 1919 Mjerumani Theodor Kaluza alimwandikia Einstein kwamba, kikiongezwa kipimo cha tano, sheria za uvutano na zile za umeme na sumaku zaweza kuwa na asili moja. Mwaka 1926 Oskar Klein wa Sweden alieleza kwa nini hatukioni: kimejikunja, nacho ni kidogo mno. Kamba ya jahazi lililo mbali huonekana kuwa mstari tu. Lakini sisimizi atambaaye juu yake ajua kwamba yaweza pia kuzungukwa.

Nadharia ya nyuzi, isemayo kwamba asili ya vitu vyote ni nyuzi ndogo zitetemazo, yadai vipimo vya ziada, maana bila hivyo hesabu zake hazisimami. Ni hesabu nzuri ajabu. Lakini mtambo mkubwa wa CERN karibu na Geneva, ulioanza kazi mwaka 2008, haujaona hadi leo dalili yoyote ya vipimo hivyo.

Huenda mtu akatujibu kwamba chembe ya Higgs nayo ilitabiriwa mwaka 1964, ikaonekana mwaka 2012. Ni kweli, na subira hiyo twaisifu. Lakini waliotabiri chembe ile walikubali kuhukumiwa na mtambo. Vipimo vilivyojikunja vyaweza kuwa vidogo hata pasiwe na mtambo wa kuvifikia. Na asemaye neno lisiloweza kamwe kukanushwa, amejiepusha na hukumu.

Hatusemi watafutaji waache kutafuta. Twasema kila neno liitwe kwa jina lake: dhana iitwe dhana, hakika iitwe hakika. Vijana hutoa maisha yao kwa elimu hii, na mataifa hutoa fedha. Ni haki yao kujua wanatolea nini.

Basi wazazi na walimu, mtoto akiuliza vipimo ni vingapi, ajibiwe hivi: vinne twavijua, vingine vyatafutwa. Jibu hilo ni fupi, nalo halina uongo.