Mwanafunzi Asiyejua Siku ya Kutoka

Simama Forodhani, Unguja, jioni utazame baharini. Kile kisiwa ni Changuu, wageni wanakiita Kisiwa cha Gereza. Gereza lilijengwa kweli, mwaka 1893, enzi za waziri Lloyd Mathews, lakini halikupata mfungwa. Likageuzwa karantini ya wagonjwa. Nyuma yako ipo Ngome Kongwe, nayo iliwahi kuitwa Gereza, neno tulilolitoa kwa Wareno: igreja, kanisa. Kanisa likazaa ngome, ngome ikazaa kifungo. Na kule Kilimani, wanakofungwa watu hasa, hakuitwi gereza. Kunaitwa Chuo cha Mafunzo, na aliyemo ni mwanafunzi.

Wako wanaolicheka jina hilo, wakaendelea kupaita Kiinua Miguu. Mimi silicheki. Serikali iliyomwita mfungwa mwanafunzi imejifunga yenyewe: mwanafunzi ana mwalimu, ana somo, na ana siku ya kumaliza. Aliyehukumiwa miaka mitatu anazihesabu siku zake ukutani na hesabu inatoka.

Lakini mahabusu je? Katiba ya Zanzibar ya 1984, kama ile ya Muungano, inakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Hata hivyo yeye, ambaye bado sheria inamhesabu hana kosa, ndiye humo ndani asiye na cha kuhesabu. Mwizi aliyekiri anaijua siku yake. Huyu anaambiwa upelelezi haujakamilika, njoo tena baada ya wiki mbili.

Chukua mfano wa masheikh wa jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho: akina Farid Hadi na Mselem Ali walitolewa Unguja wakashitakiwa ugaidi Dar es Salaam. Kosa hilo halina dhamana. Walikaa mahabusu miaka hadi Juni 2021, mashitaka yalipofutwa. Uwapende au uwachukie, na wapo wengi wa pande zote mbili, hukumu haikusomwa. Hakuna jaji aliyesema wana hatia, wala aliyesema hawana. Miaka ile iliandikwa katika daftari gani?

Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2023. Mapendekezo ni mengi. Ningeulizwa mimi, ningeanza na kalenda: kosa lisilo na dhamana liwekewe siku ya mwisho ya upelelezi, na siku hiyo ikifika bila ushahidi, mlango ufunguliwe.