Mnyororo Unaoanguka: Kitu Kimoja au Vingi?

Mnyororo ni kitu kimoja, au ni pete nyingi zilizoshikana tu? Wanafalsafa wamebishana tangu zamani juu ya kitu kizima na sehemu zake, lakini kwa mnyororo unaoanguka swali hilo lina jibu la kupimika.

Mnyororo wa kufungia ng'ombe, wa kilo 4 na urefu wa mita 2, uning'inizwe wima sokoni Oyugis, ncha ya chini ikigusa sahani ya mizani, kisha uachiliwe. Pete zilizo hewani hazina habari ya zilizokwisha kutua. Kila moja huanguka kama jiwe. Mizani hubeba uzito wa pete zilizolala pamoja na kishindo cha zinazofika. Urefu uliotua ukiwa x, na g mchapuko wa uvutano wa dunia, mraba wa mwendo wa pete inayofika ni 2gx, na kishindo chake huwa mara mbili ya uzito uliolala. Jumla ni mara tatu. Pete ya mwisho inapotua, mizani hubeba kilo 12, kisha hurudi 4. Mizani ya springi ya mchuuzi haitawahi kuonyesha hayo: yote huisha kwa sekunde 0.64.

Hapo pete moja moja zinatosha. Shida huanza mnyororo ukirundikwa ukingoni mwa kisima, sehemu iliyokwisha kuingia ikivuta iliyobaki. Anayehesabu kwa nishati hupata mchapuko wa g/2. Anayehesabu kwa momenta hupata g/3, jibu alilolitoa Arthur Cayley wa Uingereza mwaka 1857. Theluthi ya nishati iliyotokana na kushuka imepotelea kwenye mikupuo: kila pete huamshwa ghafla, na nishati ikawa joto na mlio. Haikuangamia. Wa g/2 aliuchukulia mnyororo kuwa kitu kimoja kinachoteleza kimya.

Kuna na kinyume chake. Mnyororo ukikunjwa, ncha moja ikafungwa juu na nyingine ikaachiliwa kutoka kimo hichohicho, ncha huru hulipita jiwe lililoachwa pamoja nayo. Wanafizikia Calkin na March walilipima hilo mwaka 1989. Galileo, aliyesema vitu vyote huanguka sawa, hajakosea: kanuni yake ni ya kitu kisichovutwa na kingine, na ncha hii huvutwa na mnyororo wenyewe. Hapa hesabu ya nishati inafaa, na mnyororo umestahili kuitwa kimoja.

Kwa hiyo umoja wa mnyororo hautoki kwenye jina lake, bali kwenye namna pete zinavyopokezana mvutano. Mwanafunzi anayeandika mlinganyo wa nishati kabla ya kulitazama rundo atapata g/2, na pete zikiamka kwa mikupuo, atakuwa amekosa.