Nyota Milioni Kumi Mahali Pamoja

Mwezi wa Juni, mvua ikiwa imekwisha, anga la kusini huwa jeupe. Kama unaishi mbali na taa za mji, toka nje mnamo saa tatu usiku, siku ambazo mwezi haujachomoza, uelekee kusini. Utauona Msalaba wa Kusini, na kushoto kwake nyota mbili kali. Shika ile iliyo jirani na Msalaba, panda juu hadi nyota ya wastani inayofuata, kisha endelea na mstari huohuo kwa umbali kama ule. Hapo pana doa hafifu lenye ukungu. Mtu asiyeelekezwa atalipita.

Doa hilo huitwa Omega Centauri, na jina hilo lilitolewa kwa nyota. Ptolemaio wa Aleksandria aliliorodhesha kuwa nyota katika karne ya 2, na mwaka 1603 Mjerumani Johann Bayer akalipa herufi ya Kigiriki kama alivyozipa nyota nyingine. Ilikuwa mwaka 1677 ndipo Edmond Halley, kijana wa miaka ishirini hivi aliyekwenda kisiwa cha St Helena kupima nyota za kusini, alipogundua kwamba hii si nyota ya kawaida. Miaka ya 1830 John Herschel akalielekezea darubini kubwa zaidi kutoka Rasi ya Tumaini Jema, akaona umati wa nyota usiohesabika. Leo tunajua ni fungu lenye umbo la tufe, lenye nyota zipatazo milioni 10, zimeshikamana kwa uvutano wao wenyewe tangu karibu miaka bilioni 12 iliyopita. Nuru yake huchukua miaka kama 17,000 kutufikia.

Ukipata darubini, hata ndogo, lipe jicho nusu saa gizani kwanza, na simu ibaki mfukoni, maana mwanga wake mara moja tu unakurudisha mwanzo. Halafu usilikodolee fungu lile katikati. Peleka jicho pembeni kidogo, kwa sababu sehemu ya jicho tunayosomea mchana ni dhaifu gizani. Taratibu kingo za doa zinaanza kuachana chembe chembe, kama chumvi iliyomwagika juu ya kaniki, na kila unaposubiri zinaongezeka. Mimi huona hapo ndipo uzuri wote ulipo. Nyota zilikuwa nyota muda wote. Ukungu ulikuwa wa macho yetu, kwa ajili ya umbali.

Usiku mmoja vijana wa kwaya walipokuwa wakipokezana darubini, binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani bila kazi aliniuliza, "Mchungaji, sasa zote hizi zina kazi gani?" Wenzake walicheka. Mimi nilimsikia akiuliza habari zake mwenyewe.

Ndugu zangu, swali lake ni zito, na elimu ya nyota imelizidisha uzito. Mwaka 1918 Mmarekani Harlow Shapley alipima umbali wa mafungu kama haya na kuona jambo la ajabu: hayakutawanyika sawasawa pande zote. Mengi yalijazana upande mmoja wa anga, kwenye kundi la Mshale. Akasema, basi kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, kiko huko, wala si kwetu. Kabla ya hapo wengi waliamini Jua letu liko katikati au karibu na katikati. Kwa vipimo vya leo, tuko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 26,000 kutoka kitovuni. Tuko kando, na tu wengi kupita hesabu. Mtu akiyaweka hayo mawili pamoja, anaweza kukata tamaa.

Lakini fungueni Zaburi ya 147. Mwimbaji anasema Mungu anaijua idadi ya nyota, na kila moja ameipa jina. Tunaupenda mstari huo tunapoelezea ukuu wake. Ninachowaombeni ni mrudi nyuma mstari mmoja. Hapo Mungu huyohuyo anawaponya waliopondeka moyo, anawafunga vidonda vyao. Mwimbaji hakuona haja ya kuweka hata neno la kupumzikia katikati ya kidonda na nyota. Kwake, kuhesabu mbingu na kufunga bandeji ni kazi ya Bwana mmoja, katika pumzi moja. Wala hakuna mahali katika Maandiko tulipoahidiwa kukaa katikati ya ulimwengu ndipo tupendwe. Hajiri alikutwa jangwani, Daudi aliitwa kutoka malishoni.

Kwa hiyo wewe uliyehamia jijini na kukaa benchi la nyuma miezi sasa bila mtu kukuuliza umetoka usharika gani, wewe uliyefiwa na matanga yakaisha na watu wakaisha, jueni kwamba "umati" ni neno la mtu anayetazama kwa mbali. Mungu hayuko mbali. Na binti yule nilimwambia hivi: kazi ya nyota zile sijui zote, ila najua hakuna hata moja iliyoumbwa kama nyongeza, wala wewe si nyongeza.

Wazee wa jumuiya, mwezi huu msiniletee idadi ya wagonjwa, wajane na waliopotea ibadani. Idadi dayosisi wanaihitaji, tutawapelekea. Mimi nileteeni majina, na nyumba walizomo, ili Jumatano tuanze kuzipitia pamoja.