Ushuhuda wa Mgonjwa na Mzani wa Ukweli

Swali la kama ushuhuda wa aliyepata nafuu unatosha kuthibitisha dawa ni la dini na falsafa kabla halijawa la tabibu, kwa kuwa linahusu namna mwanadamu anavyoupata ukweli akiwa katika maumivu. Multipo sklerosisi hulidhihirisha vizuri: ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huigeukia mielini, yaani ala ya mafuta inayovika nyuzi za neva, hata miguu ikafa ganzi na macho yakaingia ukungu, na kwa wagonjwa wengi hupamba moto kwa wiki kadhaa, kisha hutulia wenyewe, hata mgonjwa akaisifia tiba aliyoipata wakati huo.

Tiba ya oksijeni katika chumba cha shinikizo, ambamo mgonjwa huvuta oksijeni kwa shinikizo la takriban mara mbili hadi tatu ya lile la hewa ya kawaida, huwafaa wazamiaji walioibuka upesi mno na watu waliolevywa na gesi ya jiko la mkaa. Mwaka 1983 jaribio dogo la Marekani liliamsha matumaini kwamba ingewafaa pia wenye multipo sklerosisi, lakini majaribio yaliyofuata, yaliyowalinganisha waliotibiwa na wagonjwa walioingia chumbani bila kupewa tiba kamili, hayakuonyesha faida ya kutegemewa.

Tanzania ilikutana na swali hilohilo mwaka 2011, maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Aliyesema amepona aliweza kuwa mkweli kabisa juu ya alichokihisi, na bado asijue kilichomletea nafuu.

Ndivyo ilivyo pia katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ambako watu wa kale waliliendea pango la Kolelo kuomba mvua. Mvua hunyesha baada ya maombi, na hunyesha pia pasipo maombi. Anayetaka kujua uhusiano wa maombi na mvua hana budi kuzihesabu pia siku ilipoombwa isinyeshe. Hesabu hiyo haiidharau sala, kwa sababu sala si jaribio.

Mwanateolojia Thomas wa Akwino alifundisha kwamba tumaini hupingwa na kukata tamaa na vilevile na kutumaini kupita kiasi, na katika Uislamu tawakali, yaani kumtegemea Mungu, huambatana na kushika sababu, yaani njia halisi. Kwa hiyo anayemwelekeza mgonjwa kwenye chumba cha shinikizo anawajibika kumweleza yaliyopimwa na yaliyoonekana, kabla ukoo haujauza shamba ili kuilipia tiba. Na mgonjwa akishayajua, sala yake haipungukiwi kitu, maana haikuwahi kuegemea takwimu.